Nani Ajibie Maneno Yaliyotangazwa?

Mtu akimtukana jirani yake sokoni, kesi yake ni nyepesi. Aliyetukana anajulikana, aliyetukanwa anajulikana, na mashahidi ni wale waliosimama penye mafungu ya ndizi. Wazee wataketi, watasikiliza pande zote mbili, na mwenye kosa atatozwa faini. Lakini neno likipita katika gazeti, au katika redio, au katika simu ya mkononi, safari yake huwa ndefu. Kuna aliyelitunga, kuna aliyelisoma kwa sauti, kuna mwenye mtambo, kuna waliotoa fedha za kuununua mtambo, na kuna maelfu waliolisikia wakaenda kulirudia nyumbani kwao. Neno hilo likiisha kuleta maafa, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole. Msomaji wa habari asema, "Nilisoma niliyopewa." Mwenye kampuni asema, "Mimi sikusema neno lo lote katika redio." Na mwenye simu asema, "Mimi nililetewa tu, nikapeleka mbele."

Leo twataka kujifunza pamoja na wasomaji wetu jambo hilo moja: katika mlolongo huo wa watu, nani ajibie? Hatutalijadili hewani. Swali hili liliulizwa mbele ya majaji katika nchi yetu wenyewe, mjini Arusha, likajibiwa kwa hukumu mbili ndefu, ya mwaka 2003 na ya mwaka 2007. Ni hasara kuziacha hukumu hizo mikononi mwa wanasheria peke yao.

Kwanza tukumbuke mambo yenyewe yalivyokuwa. Nchini Rwanda, kabla ya mwaka 1993, watu wengi walizoea redio ya serikali, nayo ilisema kama serikali isemavyo, kwa uzito na kwa kuchosha. Mwezi wa Julai 1993 ikaanza kusikika redio nyingine, Radio Télévision Libre des Mille Collines, kwa kifupi RTLM. Ilikuwa kampuni ya watu wenye hisa, na Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe alikuwa mmoja wao. Watangazaji wake walisema kama vijana wasemavyo barabarani. Walipiga muziki wa Zaire, walitaniana, walipokea simu za wasikilizaji, walisimulia visa vya mitaani. Watu wakaipenda upesi.

Twamwomba msomaji azingatie sana jambo hili. Wengi hudhani ya kuwa sauti ya uovu huanza kwa ukali, nasi tutaitambua mara itakapopaza. RTLM ilianza kwa kuchekesha. Aliyewasha redio ili asikie wimbo alisikia pia, kati ya wimbo na wimbo, mzaha juu ya Watutsi: ya kuwa mali yote i mikononi mwao, ya kuwa hila ni asili yao, ya kuwa wao ni inyenzi, yaani mende. Jina hilo la mende lilikuwa la zamani, la tangu miaka ya 1960, nalo lilitajwa juu ya wapiganaji wakimbizi waliokuwa wakiingia nchini usiku. Sasa likatandazwa juu ya kabila zima, hata juu ya mama auzaye mboga na mtoto wa darasa la pili. Wala hakuna ashangaaye kuona mende amekanyagwa.

Redio hiyo haikuwa ya kwanza. Gazeti la Kangura, ambalo mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze, lilianza mwaka 1990, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo lilichapa kile lilichokiita amri kumi za Wahutu. Amri hizo ziliwakataza Wahutu kuoa mwanamke wa Kitutsi, na kufanya biashara pamoja na Watutsi, na hata kuwahurumia. Umbo la amri kumi lilitwaliwa kutoka mahali ambapo sisi sote twapajua, na kwa hiyo tuna haki ya kulikasirikia jambo hilo mara mbili.

Je, hakutokea mtu wa kuonya? Alitokea. Serikali ya Rwanda ya wakati ule ilikuwa ya vyama kadhaa, na Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliona hatari mapema. Tarehe 26 Novemba 1993 aliwaita wakubwa wa RTLM, akawaonya ya kuwa matangazo yao yanavunja mkataba waliotia sahihi na serikali. Tarehe 10 Februari 1994 akawaita tena. Hakutumia bunduki wala hakuifunga redio kwa hila. Alitumia sheria iliyokuwapo na mkataba uliokuwapo, kama ilivyompasa waziri. Redio iliendelea vile vile. Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana ikatunguliwa, na kesho yake Rucogoza aliuawa.

Yaliyofuata yanajulikana. Kwa muda wa siku zipatazo mia moja waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja. Wengi sana wao walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. RTLM ilitaja watu kwa majina, na mahali walipojificha. Kuua kuliitwa kwa neno lile lile la Kinyarwanda ambalo mkulima hulitumia aendapo shambani, kufanya kazi. Mwezi wa Juni mtangazaji mmoja aliwafundisha wasikilizaji wake jinsi ya kumtambua mtu kwa umbo la pua yake, na la kufanya baada ya kumtambua. Redio hiyo ilinyamaza mwezi wa Julai 1994, jeshi la upande wa pili lilipoishika nchi.

Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu waliohusika, nayo ikaketi Arusha. Mwezi wa Oktoba 2000 ikaanza kesi ambayo watu waliiita kesi ya wanahabari. Washtakiwa walikuwa watatu: Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia katika chuo kikuu, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na yule Hassan Ngeze wa Kangura. Hao wawili wa kwanza walikuwa waanzilishi wa RTLM, lakini si watangazaji wake. Sauti zilizosikika katika redio zilikuwa za watu wengine. Mmoja wa watangazaji hao, Mbelgiji Georges Ruggiu, alikuwa amekwisha kukiri kosa lake mwaka huo huo, akapewa kifungo cha miaka 12. Kumhukumu aliyesema hakukuwa na ugumu mkubwa. Ugumu ulikuwa hapa: je, yafaa kumhukumu mtu kwa maneno yaliyotoka katika kinywa cha mwingine?

Majaji walikuwa na mifano miwili ya zamani, yote ya mji wa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1946. Julius Streicher, mwenye gazeti la Der Stürmer, ambaye kwa miaka mingi aliwafundisha Wajerumani kuwachukia Wayahudi, alihukumiwa kifo akanyongwa. Hans Fritzsche, aliyekuwa mkubwa katika mambo ya redio, aliachiliwa, kwa kuwa majaji hawakuridhika ya kwamba nia yake ilikuwa kuwachochea watu wafanye ukatili. Wote wawili walikuwa watu wa maneno, na wote wawili walitumikia utawala mmoja. Basi twaona ya kuwa hata katika hasira ya baada ya vita, mahakama haikukubali kusema tu kwamba kila aliyeshika kipaza sauti ana hatia.

Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha, chini ya Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, iliwaona wote watatu kuwa na hatia. Nahimana na Ngeze walipewa kifungo cha maisha, na Barayagwiza miaka 35. Walikata rufani. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufani walitangua sehemu kubwa ya hukumu ile. Walisema ya kuwa matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, ijapokuwa yalijaa chuki, hayakuthibitika kuwa mwito wa waziwazi wa kuangamiza kabila. Bali yale ya baada ya tarehe hiyo yalithibitika. Vifungo vikapunguzwa: Nahimana miaka 30, Ngeze miaka 35, Barayagwiza miaka 32.

Kuna waliosikitika kwa kupunguzwa huko, nasi twaelewa uchungu wao. Lakini twaona majaji walifanya vema kupima kila neno kwa tarehe yake. Chuki ni jambo baya, na mwito wa kuua ni jambo jingine lililo baya zaidi. Anayevichanganya kuwa kitu kimoja hana budi siku moja kumfunga mtu kwa mzaha. Majaji wangalipatiliza kila neno la ukali kama mwito wa kuua, watawala wengi wa dunia wangalishangilia hukumu hiyo kuliko wajane wa Rwanda.

Sasa tufike kwenye kiini cha funzo letu. Nahimana alijitetea ya kuwa baada ya tarehe 6 Aprili redio ilitekwa na watu wakali, naye hakuwa tena na nguvu juu yake. Utetezi huo ungaliweza kumwokoa, maana haki haimtoi mtu adhabu kwa jambo asiloweza kulizuia. Lakini ulipatikana ushahidi mmoja. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai 1994, RTLM ilikuwa ikilishambulia kwa maneno jeshi la Umoja wa Mataifa na jemadari wake, Roméo Dallaire. Nahimana akaingilia kati, na mashambulio hayo yakakoma.

Tusimame kidogo hapo. Majaji waliona katika tendo hilo ya kuwa mtu huyu, hata wakati ule, alikuwa bado na uwezo wa kuwanyamazisha watangazaji. Aliutumia uwezo huo kwa ajili ya wageni wenye madaraka. Kwa ajili ya watu waliokuwa wakitajwa kwa majina na kuchinjwa vizuizini hakuutumia. Hatia iliyomshika mpaka mwisho kwa habari ya redio ilikuwa hiyo: ya mkubwa ajuaye yanayotendwa na walio chini yake, awezaye kuyazuia, asiyeyazuia. Tendo lake moja la kuzuia, ambalo pengine alilihesabu kuwa tendo la heri, ndilo lililofunua mengi ambayo hakuyazuia. Na Barayagwiza? Kwa habari ya redio baada ya tarehe 6 Aprili, majaji wa rufani hawakuona ushahidi wa kutosha ya kuwa bado alikuwa na uwezo huo, wakaitangua sehemu hiyo ya hukumu yake. Alibaki na hatia kwa mambo mengine. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote wawili.

Wengine walikuwa na uwezo pia, nao hawakushtakiwa popote. Mwezi wa Mei 1994 ulizuka nchini Marekani ushauri wa kuzima mawimbi ya RTLM kwa ndege ya jeshi yenye mitambo. Wizara ya Ulinzi ikajibu kwa barua ya tarehe 5 Mei ya kuwa kazi hiyo haitafaa kitu na ni ya gharama, maana ndege hiyo hugharimu dola zipatazo 8,500 kwa kila saa iwapo angani. Barua ilitaja na vizuizi vya sheria. Hatusemi ya kuwa ndege moja ingalizuia yote. Twaitaja hesabu hiyo ili msomaji aipime mwenyewe.

Hata hivyo haki yatutaka tusiibebeshe redio mzigo wote. Mtaalamu wa Kimarekani, Scott Straus, aliwahoji wafungwa zaidi ya 200 walioshiriki mauaji, na wengi walieleza ya kuwa waliovutwa walivutwa uso kwa uso, na majirani na wakubwa wa mtaa waliofika mlangoni. Redio haikufika kila kijiji. Ilipofika, mmoja alisikia, akawaambia kumi. Tena mahakama hiyo ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 mwimbaji mashuhuri, Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana na RTLM. Alipewa miaka 15, lakini si kwa nyimbo zake. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, akipita barabarani. Ukubwa wa mtambo hauongezi wala haupunguzi kitu. Kipaza sauti cha gari, ambacho kwetu hutangaza sabuni na mikutano ya hadhara, kilitosha.

Basi turudi katika siku zetu, ambapo mtambo u mfukoni mwa kila mtu. Watu husema ya kuwa simu ni tofauti na redio, kwa sababu kampuni zenye mitandao hazitungi habari; zimeweka ubao tu, na kila apitaye huandika apendavyo. Hoja hiyo si ya kudharau. Lakini ubao wa shule haumchagulii mwanafunzi asome nini kwanza, na mitandao humchagulia. Mashine zake huhesabu ni habari ipi itamshika mtu asiondoke, kisha humpandishia hiyo juu, na kwa kawaida hasira humshika mtu kuliko habari za bei ya mahindi. Huko Myanmar, mwaka 2017, watu wa kabila la Rohingya zaidi ya 700,000 walifukuzwa na jeshi wakakimbilia Bangladesh, baada ya miaka ya matusi na uzushi juu yao uliojaa katika Facebook. Wakaguzi wa kampuni waliojua lugha ya nchi hiyo walikuwa wachache mno. Mwezi wa Novemba 2018 kampuni yenyewe ilikubali ya kuwa haikufanya ya kutosha kuzuia. Sisi wasemaji wa Kiswahili, na zaidi wasemaji wa Kisukuma na Kihaya na Kijaluo, tuna sababu ya kuuliza ni wakaguzi wangapi wanaoelewa matusi yetu.

Je, kampuni hizo zina uwezo wa kuzuia? Hapa twaona jambo linalofanana na lile la Nahimana. Mwaka 2018, nchini India, watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia wenye hasira kwa uvumi wa wezi wa watoto ulioenea kwa WhatsApp. Mwezi wa Januari 2019 kampuni ikaweka mpaka kwa dunia nzima, mtu asiweze kupeleka mbele ujumbe mmoja kwa zaidi ya mahali 5 kwa mara moja. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa uvumi wa korona, ikaamuru ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi usipelekwe ila mahali 1 kwa mara, kisha ikatangaza ya kuwa usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo umepungua kwa asilimia 70. Twawapongeza kwa hilo. Lakini awezaye kupunguza asilimia 70 kwa kubadili hesabu moja katika mashine hawezi tena kusema ya kuwa yeye ni mwenye ubao tu.

Jambo hilo sasa limefika mbele ya majaji wa jirani zetu. Mwezi wa Desemba 2022 ilifunguliwa Nairobi kesi juu ya kampuni ya Meta, mwenye Facebook, kwa habari ya maneno ya chuki yaliyoenea wakati wa vita vya kaskazini ya Ethiopia. Kampuni ilidai ya kuwa mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mwezi wa Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza. Msomaji asichanganye: uamuzi huo haukusema kampuni ina hatia. Ulisema yaweza kuulizwa maswali, kama walivyoulizwa wengine Arusha. Na Wakenya wanajua vema umbali ulio kati ya shtaka na hatia, kwa kuwa mtangazaji wao, Joshua arap Sang wa redio ya Kass FM, alishtakiwa huko The Hague kwa ghasia za mwaka 2007 na 2008, na mwaka 2016 majaji walio wengi waliifuta kesi kwa upungufu wa ushahidi. Mtu huyo hakuhukumiwa, wala haifai gazeti lo lote kumwandika kana kwamba alihukumiwa.

Hapo huingia serikali, na kusema: kama ni hivyo, tuzime mitandao yote. Uganda ilifanya hivyo wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na kwetu intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Njia hiyo haina haki. Ni kuzima taa za kijiji kizima kwa sababu mwizi mmoja aonekana, na mwizi hupenda giza. Mgonjwa hawezi kumpigia daktari kwa mtandao, mfanyabiashara hawezi kupokea fedha zake, na uzushi wa mdomo hukosa wa kuusahihisha. Rucogoza aliwaita waliokosa, akawaonyesha mkataba, akataja maneno yenyewe. Hiyo ndiyo namna ya serikali inayotaka haki, ijapokuwa yeye hakupewa muda wa kuimaliza.

Limebaki jambo dogo lililo karibu nasi. Tangu mwaka 2022 kiongozi wa kundi la WhatsApp aweza kuufuta ujumbe wa mtu mwingine, na ukafutika kwa wote. Makundi tunayo mengi: ya kwaya, ya ukoo, ya wazazi wa shule, ya michango ya harusi. Kundi la harusi laweza kuwa na watu mia mbili, na viongozi wawili tu, mara nyingi mweka hazina na ndugu mmoja wa bwana arusi. Walichaguliwa kwa ajili ya kuhesabu ahadi na kuwakumbusha wenye deni, wala hakuna aliyewaambia ya kuwa wamepewa na mtambo wa kutangazia. Picha ya mtu asiyejulikana, iliyoandikwa chini yake ya kuwa huyu ndiye anayeiba watoto, huingia humo saa tatu ya usiku kama inavyoingia kwingine, na kabla ya saa nne imekwisha kwenda makundi mengine ishirini. Katika saa hiyo moja, wawili hao wanaweza kuifuta, na simu zao ziko mikononi.